Mabao Niliyompa Dada

Ujinga wangu nauanika mapema, tusizungushane: msimu mzima wa ligi nilimtangazia mama mechi ambazo sikuziona, na katika kila mechi dada yangu alifunga. Alifunga kwa kulia, alifunga kwa kushoto, kuna siku alifunga huku amefumba jicho moja kwa ajili ya jua kali, na mechi yenyewe, nimekuja kuambiwa baadaye, ilichezwa ndani ya ukumbi wenye paa.

Msinitazame hivyo. Nyinyi hamkumwona mama Ijumaa ile ya kwanza.

Dada yangu anacheza mpira wa mikono. Si netiboli. Watu wa Kibiti ukiwaambia mpira wa mikono wanakujibu, "Aah, netiboli," na inabidi uanze upya kama mwalimu wa zamu: kuna goli lenye nyavu, mpira wenyewe mdogo, unaenea kiganjani, mnakimbia, mnakumbana vifua, unaruka mbele ya duara la kipa, unautwanga. Ukishamaliza kueleza, mtu anatikisa kichwa kwa heshima zote anasema, "Kumbe. Kama netiboli." Nimeshaacha kubishana nao.

Na ipo ligi yake, ya taifa kabisa, na klabu zake, ila ni ligi isiyo na kelele. Ile ya mpira wa miguu hata ukitaka kuikimbia huwezi: ipo redioni, ipo kwa kinyozi, ipo kwa ustadhi wetu anayejifanya hana timu lakini siku timu yake ikifungwa anatuchapa wote. Hii ya mikono klabu zote zinakusanywa mji mmoja, zinacheza siku kadhaa mfululizo, zinahamia mji mwingine, mwisho wa msimu bingwa anapewa kikombe, watu wanatawanyika, na huku kwetu hakuna hata kuku aliyesikia. Klabu nyingi ni za watu wa magwanda, maana ndio wenye mabweni, viwanja vya sakafu, na wali wa uhakika. Moja ya klabu hizo ndiyo iliyotuchukulia dada.

Walimwona kwenye michezo ya shule, mwaka aliokuwa kidato cha nne. Mwalimu wake alidhani yeye ndiye aliyemfundisha kurusha, akawa anatembea kifua mbele shule nzima. Tulimwacha na raha yake. Dada alijifunzia bondeni. Shamba letu la mpunga liko upande wa Mtunda, na mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanashuka kama wametangaziwa msikitini. Wenye shamba mnahamia huko huko, mnakaa juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, kwa kuogopa maji na kiboko, na kuanzia alfajiri mpaka magharibi kazi ni moja, kuinga ndege wasile mpunga. Mimi nilikuwa fundi wa kupiga debe na kuwatukana ndege kwa Kindengereko, lugha yenye matusi yaliyoiva. Dada alikuwa fundi wa udongo. Anakanda bonge la tope, analiviringa, anakimbia kwenye tuta hatua mbili tatu, anaruka, na akiwa hewani mkono unapita kama kofi la hasira. Huku ndege wanaanguka, kule wengine wanaghairi safari. Mama alikuwa akisema, "Huyu angezaliwa zamani tungekula ndege kila siku."

Nyumbani, hapa mjini Kibiti, alikuwa anarusha kwenye ukuta wa jiko. Jiko letu ni la udongo na fito, na upande wa nyuma ulijaa mashimo ya duara, mengine juu, mengine chini, mama akipiga kelele kila jioni, "Utaniangushia jiko, mwana weye!" Alipoondoka, mama alikandika jiko upya kabla ya masika. Alikandika pande tatu. Upande wa mashimo aliuruka. Nikamuuliza mama, huku vipi? Akasema udongo umeisha. Udongo, Kibiti! Nikatazama chini nilipokanyaga.

Nyumba ilipoa. Baba yuko visiwani huko deltani, anavua kamba, anakuja na kuondoka kwa hesabu za bamvua, maji makubwa ya bahari, kwa hiyo tulibaki mimi na mama. Nilidhani nitafurahi. Kitanda chote changu, sabuni yote yangu, hakuna wa kunifinya. Siku ya tatu nikajikuta nimelala pembeni kabisa, mgongo ukutani, nimeacha nafasi yake.

Sasa ile Ijumaa. Kambini kwao simu walikuwa wanapewa Ijumaa tu, baada ya swala, na kwa muda mfupi, maana wasichana ni wengi na kocha hataki umbea. Ligi ilikuwa imeanza wiki ile. Mama alikaa na simu tangu asubuhi, ameiweka juu ya mto kama mgonjwa. Ilipolia, akaibonyeza ikatoa sauti kubwa, akaanza: Umekula? Unaswali? Nani anakufulia? Huko kuna mbu? Mtandio wanakuacha uvae uwanjani? Umekula? Dada anajibu ndiyo mama, ndiyo mama, najifulia mwenyewe mama, na kabla hawajafika popote, sauti ya mwenzake nyuma, "Muda!", na simu imekatika.

Mama alibaki ameishika. Kazi yake ni kusuka ukili wa mikeka, na vidole vyake havijui kukaa bure. Anasuka akiongea, anasuka akisinzia, nadhani hata siku nazaliwa alisuka mpaka dakika ya mwisho. Jioni ile ukili ulikuwa mapajani na vidole vimelala.

"Mbona sikumuuliza alichezaje," akasema.

"Utamuuliza Ijumaa."

"Mtoto amecheza ligi ya taifa, mama yake anamuuliza mbu." Akatazama barabarani, malori yanapita kwenda Lindi. "Hata sijui huko uwanjani anakuwaje. Miye namwona shambani tu. Nikifumba macho namwona yuko kwenye tuta."

Kwenye simu yangu, ambayo kioo chake kina nyufa kama ramani ya delta, kuna ukurasa wa michezo ambao huandika matokeo. Matokeo tu. Fulani wamewafunga fulani, mabao kadhaa kwa kadhaa, basi. Klabu ya dada ilikuwa imeshinda. Mabao ishirini na kitu, na yote hayana wenyewe. Nikayatazama yale mabao, nikamtazama mama, mdomo ukaniponyoka.

"Lakini mimi ninayo yote, mama. Kuna mtu anatuma."

"Anatuma nini?"

"Mechi. Ilivyokwenda."

Nikasimama, nikachukua mwiko, nikauweka mdomoni kama kipaza sauti. "Naaam, mabibi na mabwana, tuko katika uwanja uliofurika! Anao mpira namba tisa, binti kutoka Kibiti, mtoto wa bondeni! Hatua ya kwanza! Hatua ya pili! Wanamfuata wawili, mmoja mnene kama gunia la mkaa! Hatua ya tatu, anarukaaa..."

"Anaruka?" mama akauliza.

"Yuko juu, mama! Bado yuko juu! Kipa ameshaanza kuomba dua! Anautwangaaa... baoooo!"

Mama alipiga makofi mara moja, akajishtukia, akashika ukili. Vidole vikaanza kwenda. Nikasema moyoni, ni leo tu.

Haikuwa leo tu. Kila klabu ya dada ilipocheza, baada ya alasiri, mama anatandika jamvi uani na kusema, "Haya, yule mtu wako ametuma?" Na yule mtu wangu hakuwahi kukosa. Aliyasoma matokeo, akayagawa. Dada nilimpa nusu, wenzake nusu, kwa sababu sikutaka kuonekana napendelea. Nilimkosesha penati moja ili waamini. Mama siku ile alikasirika mpaka akasuka vibaya, ikabidi afumue.

Nasema waamini kwa sababu mama hakuwa peke yake tena. Jirani yetu muuza maandazi alisikia makelele, akaja na kigoda chake. Akaja na shemeji yake. Wakaja watoto wa madrasa. Wanawake wa mikeka wakaona ni heri wasukie kwetu. Uani kwetu kukawa na mashabiki wengi wa ligi ya mpira wa mikono kuliko huko ilikokuwa ikichezwa, naapa. Na wakaijua sheria vizuri kuliko mtangazaji.

"Ngoja wee," mama alinikatiza siku moja. "Wiki iliyopita ulisema hatua tatu tu, ya nne ni kosa. Leo umemtembeza hatua tano, nimehesabu."

"Alisukumwa mama, zile mbili za kusukumwa hazihesabiwi."

"Refa kasema?"

"Refa mwenyewe ndiye aliyesema."

"Huyo refa ana adabu," akasema muuza maandazi.

Dada niliyemtangaza alikuwa na nguvu za simba. Lakini niwaambie ukweli, yule niliyekuwa namwona mimi nikifumba macho na mwiko mdomoni hakuwa uwanjani. Nilimwona kwenye tuta, matope hadi magotini, kanga kaifunga kiunoni, ananigeukia kunicheka kwa kuwa nimekosa ndege aliyekaa kwenye debe langu mwenyewe. Ndiyo maana nilitangaza vizuri. Nilikuwa nachungulia tu na kusema ninachokiona. Na nikimaliza, watu wakiondoka na vigoda vyao, uwanja unakuwa mtupu mno, nakwenda nyuma ya jiko natupia ukuta bonge moja. Halifiki hata karibu na mashimo yake.

Simu za Ijumaa nazo zikabadilika. Mbu wakasahaulika. Mama akawa yeye ndiye anayemsimulia dada.

"Lile la mwisho, mwanangu! Ulivyoruka yule mnene akabaki ameshika hewa!"

Nikaisogelea simu. Roho yangu ikashuka hadi kwenye kandambili. Sasa atauliza, nani kakwambia. Sasa nimekwisha.

"Ehe," dada akasema taratibu. "Halafu, mama?"

"Halafu si ukafunga!"

"Nikafunga. Halafu?"

Na mama akaendelea mpaka mwenzake akaita muda. Ijumaa iliyofuata dada hakungoja hata kuulizwa kama amekula. Alisema salamu, kisha akasema, "Mama, hebu niambie ya juzi." Mimi nikaona hapo ni salama kabisa: kumbe anafunga kweli, kumbe hata sijadanganya, nimekisia tu nikapatia. Mtu mwenye akili kubwa huwa hivyo, nilijiambia. Kwa nini nisikisie? Mtu aliyekuwa anampiga ndege shingoni akiwa hewani, wamweke wapi kama si mbele? Bonde zima ungeliuliza lingekujibu hivyo hivyo.

Kisha dada akapiga simu siku ambayo si Ijumaa.

"Mama, kituo kinachofuata cha ligi kiko kusini. Basi letu litapita hapo Kibiti Alhamisi mchana. Kocha amesema tutasimama kula stendi. Kidogo tu, mama, lakini nitakuona."

Mama hakupiga kigelegele. Aliweka simu chini, akafunga kanga, akaanza kufagia uwanja ambao alikuwa ameufagia asubuhi. Mwaka mzima na zaidi hakuwa amemtia machoni. Alifagia mpaka barabarani.

Habari ikafika kwa muuza maandazi, yaani ikafika kila mahali. Siku mbili hizo watu walitwanga pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kupondwa, kwa sababu dada anaupenda na huko kambini nani atamtwangia. Kamba wakakaangwa. Wanawake wa mikeka wakashona sare ya kanga. Shemeji wa muuza maandazi alitafuta matarumbeta, tukamsihi akaridhika na ngoma moja. Mimi kila nilipopita walinipigia saluti, "Mtangazaji!" Alhamisi yenyewe nilitoroka shule kipindi cha hesabu. Mwalimu wa hesabu akisoma hapa ajue nilikuwa naumwa.

Stendi ya Kibiti mchana ina kelele zake: wauza korosho, wauza maji, wapiga debe wanaokuvuta mkono upande basi la Kilwa wakati unakwenda msalani. Mama alisimama katikati ya yote hayo, amejifukiza udi kama anakwenda harusini, kapu la pepeta amelikumbatia. Kila basi lililotokea upande wa Dar alinyanyuka kwa vidole vya miguu.

Likaja. Basi la kijani, mlango ukafunguka, na aliyetangulia kushuka alikuwa msichana mrefu, mweusi, mabega mapana, kavaa jezi. Namba tisa.

Sasa mimi namba tisa niliichukua tu. Kwenye mpira wa miguu mfungaji huvaa tisa, nikaona na huku iwe hivyo. Sikujua kuna mtu wa kweli ndani yake.

"Huyoooo!" alipiga kelele muuza maandazi. "Tisa huyo! Mtoto wa bondeni!"

Ngoma ikalia. Vigelegele. Kabla mama hajasema neno, wanawake wa sare walikuwa wameshamvamia yule dada wa watu, wamemtupia kanga mabegani, mmoja anamfuta jasho, mwingine anamlisha kamba kwa mkono. Msichana anatafuna, macho yametoka. Alisema baadaye kwamba alidhani ndiyo mila ya Kibiti, kwamba kila anayeshuka hupokewa hivyo, na kwamba kamba walikuwa watamu.

"Lakini huyu si mtoto wetu," mmoja akasema.

"Tisa si tisa?"

"Sura siyo!"

"Watoto wakikua hubadilika, dada."

Dada yangu alishuka wa mwisho kabisa. Alikuwa amebeba mfuko mkubwa wa mipira, umemzidi, anashuka kwa ubavu. Jezi yake ilikuwa ya rangi nyingine kabisa, na mikono mirefu. Mama alimwona kabla ya sote. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, kapu likaachwa palepale chini, akamshika uso kwa viganja vyote viwili. Mfuko wa mipira ukaanguka, mipira ikatawanyika kati ya miguu ya wauza korosho, wapiga debe wakaanza kuikimbiza, na wale wawili hawakugeuka hata.

Ningeweza kuishia hapo, tukaenda zetu nyumbani. Lakini muuza maandazi hajawahi kuacha kitu kiishie hapo. Alimwendea kocha, mama mfupi mwenye filimbi shingoni.

"Mwalimu, tunashukuru mmetutunzia mtoto. Lile bao la mkono wa kushoto, lile la kuwapita watatu! Tumelishangilia mpaka maandazi yakaungua."

Kocha akatazama kushoto na kulia. "Bao la nani, mama?"

"La mtoto wetu huyu."

"Huyu?" Kocha akacheka, cheko la mtu mwema. "Huyu hafungi, mama. Huyu ni kipa. Kipa wangu wa pili. Nilimtoa mbele siku ya kwanza tu, nikamweka golini. Macho yake hayo! Mpira ukitoka mkononi mwa mtu, yeye ameshajua unakokwenda. Amecheza kidogo msimu huu, kuna aliyemtangulia, lakini zamu yake inakuja."

Ngoma ilinyamaza. Nimeshasikia vimya vingi, kuna cha mwalimu mkuu akiingia darasani na kuna cha chooni maji yakikatika. Hiki kilivizidi vyote. Kundi zima la kanga za sare likageuka polepole, kama kundi la ndege linavyogeuka bondeni, likanitazama mimi.

"Mtangazaji," akasema muuza maandazi.

Nikawa nyuma ya banda la chipsi kabla hajamaliza neno.

Nilikaa huko nimechuchumaa kati ya magunia ya viazi, nikisikia wanavyonijadili. Mmoja alidai nimlipe ukili ambao naye aliusuka vibaya kwa mshtuko wa penati. Mwingine alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Lakini sauti niliyokuwa naitegea masikio ni ya mama, na hiyo sikuisikia. Nilichungulia. Alikuwa ameshika mikono ya dada, anaigeuza, anavitazama vidole. Vilikuwa vimefungwa plasta nyeupe viwili viwili, kimoja kimevimba, kucha moja nyeusi.

"Nini hiki?"

"Mpira, mama."

"Umekupiga?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Wanautupa kwa nguvu, mimi naweka mkono. Na uso pia, siku nyingine."

"Na uso," mama akarudia.

Dada alimwambia kitu kidogo sikioni, kisha akaja moja kwa moja nyuma ya banda la chipsi. Hakunitafuta. Tangu nikiwa mdogo anajua ninakokimbilia.

"Toka hapo, mtangazaji."

"Sitoki. Utanifinya."

"Nitakufinya, ndiyo. Toka."

Nikatoka. Akanifinya sikio, kwa vidole vile vyenye plasta, na halikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Nikasingizia moshi wa chipsi.

"Ulinifungisha mangapi?" akauliza.

"Mengi. Nilikuwa sijui wewe kipa. Mbona hukusema?"

"Ningesema lini? Mama anafurahi namna ile." Akachukua kiazi kimoja kibichi guniani, akawa anakirusha juu na kukidaka. "Halafu na mimi nilikuwa nataka kusikia. Nakaa benchi mechi nzima, nimevaa jezi kamili, sitoki. Ijumaa napiga nyumbani naambiwa niliruka nikawapita watatu. Wenzangu wakiniuliza kwenu wanasemaje, nawaambia, kwetu tumeshinda." Akacheka. "Yule mnene ulimtoa wapi?"

"Ni mwalimu wetu wa hesabu."

Honi ikapigwa. Akarudisha kiazi guniani, akanisukuma kichwa, akakimbia. Hakuwa amekula chochote. Mama alimpitishia kapu la pepeta dirishani, wakashikana vidole kwenye kile kidirisha mpaka basi likaanza kutembea, na mama akatembea nalo, na lilipoongeza mwendo akaongeza na yeye, kanga ya sare inamdondoka, mpaka pale kwenye kituo cha mafuta ambapo barabara inateremka. Hapo akasimama. Namba tisa alikuwa anapunga mkono kwa dirisha la nyuma, bado ana kanga ya watu mabegani. Kanga yenyewe ndiyo imeshakwenda ligi.

Tukarudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma, nimeacha nafasi ya kutosha kwa kukimbia. Muuza maandazi alipitia kwetu akatazama uani, akanitazama, akasema tu, "Na mwiko ule urudishe jikoni," akaenda zake. Hakuna aliyekuja na kigoda. Nilichota maji bila kutumwa. Nilifagia. Nilifua sare ya shule, na mama hata hilo hakulishangaa, nikajua mambo ni mabaya.

Baada ya alasiri akatandika jamvi uani, mahali pale pale. Akakaa, akanyoosha miguu, akachukua ukili. Vidole havikuanza. Malori yalikuwa yanapita kwenda kusini, kule kule. Nilisimama kando ya mlango nikingoja fimbo, kandambili, kofi, chochote, bora kije.

"Njoo ukae," akasema.

Nikakaa, mbali kidogo.

"Tangaza."

Nilidhani ananitega. "Mama, leo hawachezi. Wako njiani."

Mama akautazama ukili wake, akaupitisha mkono taratibu, na hivi ndivyo alivyosema, sijaongeza wala sijapunguza: "Nimesema tangaza. Ila leo usimchezeshe, mwanangu amechoka. Mkalishe pembeni, mpe maji ya kunywa, na umwambie yule mnene asimguse."